Nani mwenye ukuta? Uchambuzi wa kisa cha Yerusalemu, 1928–1931

Kwa nini kisa hiki

Mtu akitaka kuelewa jinsi madai ya kihistoria ya Waarabu na Wayahudi yanavyogongana juu ya ardhi moja, mara nyingi huwekewa mbele ramani ya Palestina nzima, na hapo ndipo anapopotelea. Hapa tunachukua kipande kidogo mno: ukuta wa mawe wa urefu wa kama mita 30, na kichochoro cha upana wa kama mita 4 mbele yake. Udogo wake unatusaidia. Hii ni moja ya nyakati nadra ambapo pande zote mbili zilikaa mbele ya wasikilizaji kutoka nje, zikatoa hati, zikaleta mashahidi wakahojiwa, na uamuzi ukaandikwa kwa vipengele hadi ukawa sheria.

Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wanaosuluhisha migogoro ya ardhi na ya maeneo ya ibada. Maofisa wa wilaya, polisi, watumishi wa ibada, wakazi wa mtaa na waliouawa hawatajwi majina. Wanatajwa kwa kazi au nafasi zao. Majina yaliyobaki ni ya wakuu na ya wajumbe wa tume, ambao wako kwenye kumbukumbu za umma.

Mahali penyewe

Ukuta huu ni sehemu ya kingo ya magharibi ya uwanja ulioinuliwa, ambao Mfalme Herode aliupanua kwa ajili ya Hekalu la Wayahudi. Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70. Wayahudi wakaendelea, kizazi baada ya kizazi, kuja kusali na kulia mahali walipoweza kulikaribia, na kwa karne kadhaa mahali hapo pamekuwa kwenye ukuta huu. Waingereza waliuita Ukuta wa Maombolezo. Wayahudi wenyewe wanauita Ukuta wa Magharibi.

Juu ya uwanja huohuo ndipo ilipo Haram al-Sharif, yenye Msikiti wa al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Kwa Waislamu, ukuta ni sehemu ya Haram kama ulivyo ukuta wa msikiti wowote. Wanauita al-Buraq, kwa kuwa wanaamini ndipo Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomfunga Buraq, mnyama aliyempanda usiku wa Israa na Miraji. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambaye husikia Miraji ikisomwa kila tarehe 27 Rajabu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna watu wa tatu, ambao wengi huwasahau: wakazi wa mtaa wa Wamaghribi. Nyumba zao zilibanana hadi mbele ya ukuta. Al-Afdal, mwana wa Salahuddin, aliweka mtaa huo wakfu mwishoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya watu waliotoka Maghribi (Afrika Kaskazini), na katika karne ya 14 pakaongezwa wakfu wa Abu Madyan. Kichochoro walimosali Wayahudi kilikuwa ndani ya ardhi hiyo ya wakfu. Matajiri wa Kiyahudi walijaribu zaidi ya mara moja kuinunua, tangu karne ya 19, na hawakufanikiwa. Mtu wa pwani yetu ataelewa mara moja: mali iliyowekewa Mungu haina mtu wa kuweka sahihi kwenye hati ya mauzo.

Kanuni zilizokuwapo kabla ya mgogoro

Mwaka 1840, Palestina ikiwa mikononi mwa Misri, Wayahudi waliomba ruhusa ya kutandaza mawe kwenye kichochoro. Waliruhusiwa kuendelea kuzuru kama zamani, ila kutandaza mawe wakakataliwa, na wakaonywa wasipaze sauti. Mwaka 1911, chini ya Waturuki, msimamizi wa wakfu alilalamika kwamba waumini wameanza kuleta viti. Baraza la utawala likaamua: viti, mapazia na vitu vya namna hiyo ni marufuku. Sababu ya msimamizi ilikuwa wazi. Leo kiti, kesho benchi, keshokutwa paa, na siku moja watu wataamka waone sinagogi.

Pamoja na hayo, watu walikuwa wakiishi. Kulikuwa na siku ambazo viti vilionekana na msimamizi akatazama pembeni, pengine kwa ujirani, pengine kwa kutiwa kitu mkononi. Kwa hiyo palikuwa na sheria mbili, moja kwenye makaratasi na nyingine kichochoroni, na kila upande ungeweza kuapa kwamba "desturi ya zamani" iko upande wake.

Uingereza ilipokabidhiwa Palestina kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, mpango uleule ulioiweka Tanganyika mikononi mwake, mkataba wa 1922 uliipa kazi mbili. Kifungu cha 13 kiliitaka ilinde haki zilizokuwapo katika maeneo matakatifu. Kifungu cha 14 kiliitaka iunde tume maalumu ya kuchunguza na kuainisha haki hizo. Tume hiyo haikuundwa. Mwaka 1924 amri ya kifalme ikaondoa migogoro ya maeneo matakatifu kwenye mahakama za kawaida. Sasa haki zilikuwa zinalindwa bila kuandikwa, na aliyeona amedhulumiwa hakuwa na hakimu wa kumwendea. Alikuwa na ofisa wa wilaya tu.

Mlolongo wa matukio

Jioni ya tarehe 23 Septemba 1928 ilikuwa mkesha wa Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi. Ofisa mmoja wa juu wa wilaya alifika eneo hilo na akachungulia chini kutoka jengo la mahakama ya kadhi lililoutazama ukuta. Chini akaona pazia: fremu ya mbao yenye kitambaa, iliyofungwa kwenye sakafu ya mawe, ya kutenganisha wanaume na wanawake wakati wa sala. Waangalizi wa Kiislamu waliokuwapo walimweleza kwamba hicho ni kitu kipya na ni kinyume cha kanuni.

Ofisa alimwita mtumishi wa ibada, mzee aliyekuwa akipanga taa na meza, akamtaka pazia liondolewe. Mtumishi akakubali kwamba kufikia asubuhi halitakuwapo. Ofisa akaagiza polisi: lisipoondoka, liondoeni. Asubuhi pazia lilikuwa palepale, na kwa kweli lingeondolewa na nani? Siku imeshaingia, kazi ni haramu, na hakuna Myahudi mshika dini ambaye angelibomoa. Polisi wakaingia katikati ya sala. Waumini waliokuwa wamefunga walilishikilia, wakasukumana na askari, na pazia likatolewa kwa nguvu.

Kufikia jioni kulikuwa na habari mbili. Kwa Wayahudi, serikali ya kigeni imevamia ibada siku ya Yom Kippur kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Kwa Waislamu, Wayahudi wamejaribu kugeuza wakfu kuwa sinagogi, na bila polisi wangefaulu.

Novemba 1928 serikali ya Uingereza ilitoa tamko. Ukuta na kichochoro ni mali ya Waislamu. Wayahudi wana haki ya kusali na kuleta vifaa vilivyokuwa vikiruhusiwa wakati wa Waturuki. Vifaa gani hasa? Pande zote ziliombwa zilete ushahidi. Baraza Kuu la Kiislamu, chini ya Mufti Hajj Amin al-Husseini, lilikuwa na hati zake za 1840 na 1911 tayari. Upande wa Wayahudi ulikawia. Hati za Waturuki hazikuwa zimeandikwa kwa faida yao, na nguvu yao ilikuwa katika desturi, ambayo haina mhuri.

Huku majibu yakisubiriwa, kazi za ujenzi zikaanza. Baraza likajenga juu ya ukuta, na mlango ukafunguliwa upande wa kusini, ukageuza kichochoro kilichokuwa kimefungwa kuwa njia ya kupita watu na wanyama. Karibu na hapo pakawa na zawia, nyumba ya ibada ya masufi, na dhikri ikasikika wakati wa sala za Wayahudi. Serikali ilisimamisha ujenzi, ikatafuta ushauri wa kisheria, kisha katikati ya 1929 ikaruhusu uendelee kwa kuwa mwenye mali ana haki ya kujenga kwake, ilimradi asiwazuie wanaosali.

Tarehe 15 Agosti 1929, siku ya Wayahudi ya kuomboleza Hekalu, vijana wa Kiyahudi waliandamana hadi ukutani, wakainua bendera ya Kizayuni, yaani ya harakati ya Wayahudi ya kuwa na taifa lao Palestina, na kuimba wimbo wao wa taifa. Kesho yake, Ijumaa, Waislamu waliandamana hadi palepale. Meza ikavunjwa, na karatasi za maombi na vitabu vya sala vikachomwa. Siku iliyofuata kijana wa Kiyahudi alichomwa kisu katika ugomvi ulioanzia kwenye mpira ulioingia bustanini mwa Mwarabu, na siku chache baadaye akafariki. Tarehe 23 Agosti mji ukalipuka.

Mauaji mabaya kuliko yote hayakutokea Yerusalemu. Yalitokea Hebron tarehe 24, ambako Wayahudi zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao watu wa dini wa jamii ya zamani isiyohusika na siasa. Wengine wengi waliokolewa na majirani zao Waarabu waliowaficha majumbani. Kwa jumla, nchini kote, Wayahudi 133 na Waarabu 116 walikufa. Waarabu wengi kati ya hao walipigwa risasi na polisi na jeshi la Uingereza, ingawa wako pia waliouawa na Wayahudi. Tangu pazia hadi hapo ilikuwa miezi 11.

Maamuzi na sababu zake

Uingereza ilituma kwanza tume ya uchunguzi ya ndani, ikiongozwa na Sir Walter Shaw, iliyotoa ripoti Machi 1930. Kuhusu ukuta, hata hivyo, serikali ya Uingereza iliona kwamba mwamuzi Mwingereza asingekubalika. Ikaliomba Baraza la Shirikisho la Mataifa liidhinishe tume ya watu wasio Waingereza, na Januari 1930 ikaidhinishwa. Wakateuliwa watatu: Eliel Löfgren, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Sweden, Charles Barde, jaji wa Geneva, na C. J. van Kempen wa Uholanzi, aliyewahi kuwa gavana Sumatra. Hakuna Myahudi, hakuna Mwislamu, hakuna Mwarabu. Walifika Yerusalemu Juni 1930, wakakaa mwezi mmoja, wakasikiliza mashahidi 52 na kupokea vielelezo 61.

Upande wa Wayahudi ulifanya uamuzi wa busara kimbinu: haukudai umiliki. Ulisema mahali kama hapa hapamilikiwi na mtu yeyote. Kinachodaiwa ni haki ya kusali kwa namna ya kawaida ya Kiyahudi, iliyotokana na desturi isiyo na mwanzo unaojulikana. Ukaleta masimulizi ya wasafiri wa karne nyingi na picha za zamani. Ndani yake kulikuwa na ombi moja zito, lililowekwa kama nyongeza tu: wakfu upewe majengo mapya mahali pengine, na nyumba za Wamaghribi zilizo mbele ya ukuta ziachwe wazi.

Upande wa Waislamu ulileta mawakili na wajumbe kutoka nchi nyingi za Kiislamu, na ulianza kwa kuikataa tume yenyewe. Mambo ya wakfu huamuliwa na mahakama ya sharia, walisema, na wasingefungwa na hukumu ya tume. Hata hivyo walibaki na kutetea. Hoja yao ilikuwa kwamba Wayahudi waliachiwa kuja kwa hisani, na hisani haizai haki. Wakaongeza kwamba ugomvi huu haukuwapo zamani: umekuja na Azimio la Balfour la 1917, ahadi ya Uingereza ya kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina, na Uzayuni, na pazia ni siasa iliyovaa nguo za ibada.

Tume ilijaribu kwanza kuzipatanisha pande hizi, ikaongeza muda, haikufika popote. Desemba 1930 ikatia sahihi uamuzi.

Umiliki: wa Waislamu peke yao. Ukuta ni sehemu ya Haram. Kichochoro na mtaa ni wakfu. Matumizi: Wayahudi wana haki ya kuufikia ukuta kwa ibada wakati wote. Hisani iliyodumu vizazi vingi, na ambayo watawala wameitambua kwa maandishi, imekwisha kuwa haki. Ni kama yule anayepita shambani kwa jirani kwenda kisimani tangu enzi za babu yake: shamba si lake, lakini njia haifungwi.

Kisha wakashuka kwenye vitu, kimoja kimoja. Kila siku Wayahudi waliruhusiwa kuweka kinara cha taa za ibada, kasha la bati la kuwashia taa, beseni la kunawia na chombo cha maji. Siku ya Sabato na sikukuu waliruhusiwa kuongeza sanduku lenye magombo ya Torati, meza yake, na meza ya kusomea. Viti, mabenchi na mapazia, hapana. Kupuliza shofar, ile pembe ya kondoo dume, hapana. Hotuba za siasa, bendera na maandamano, hapana kwa wote. Waislamu nao hawakutoka mikono mitupu wala huru kabisa: walizuiwa kufanya dhikri karibu na kichochoro saa ambazo itawaudhi wanaosali, kupitisha wanyama kwa saa maalumu, na kujenga au kubomoa kwa namna ya kumzuia mwenye kusali. Na ule mlango mpya wa kusini ufungwe kwa kufuli kuanzia saa 11 jioni ya mkesha wa Sabato na sikukuu, hadi jua la kesho yake litakapozama.

Matokeo

Amri ya kifalme iliufanya uamuzi huu sheria kuanzia tarehe 8 Juni 1931. Kila upande ulichukua nusu iliyoupendeza. Waislamu waliitangaza sehemu ya umiliki, na hadi leo ripoti ile hutajwa na Wapalestina katika mijadala ya kimataifa. Wayahudi wa kidini waliumizwa zaidi na katazo la shofar. Kila mwaka, Yom Kippur ilipokwisha, kijana fulani aliipuliza kwa kificho na mara nyingi polisi wakamkamata, hadi mwisho wa utawala wa Uingereza. Umwagaji damu wa 1929 haukurudiwa pale kichochoroni. Nchini kote, hata hivyo, mapambano yalizidi kukua, na uasi mkubwa wa Waarabu wa 1936–1939 haukuhitaji ukuta kuwa sababu.

Mwaka 1948 Mji Mkongwe ukawa chini ya Yordani. Mkataba wa kusitisha vita wa Aprili 1949 ulitaja kufikiwa kwa maeneo matakatifu, lakini kwa miaka 19 Wayahudi hawakufika ukutani. Juni 1967 Israeli iliuteka Mji Mkongwe. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Juni, wakazi wa mtaa wa Wamaghribi walipewa muda mfupi wa kutoka, na matingatinga yakabomoa nyumba zaidi ya 100. Familia zaidi ya 100 zilipoteza makazi na mwanamke mzee mmoja alikutwa amekufa kwenye kifusi. Penye nyumba sasa pana uwanja mpana wa kufanyia sala. Haram ya juu bado inaendeshwa na idara ya wakfu iliyo chini ya Yordani, na ulinzi na njia za kuingilia viko mikononi mwa Israeli.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, kwa sababu husahaulika. Kutenganisha umiliki na matumizi lilikuwa jambo la maana sana. Swali la "nani alitangulia hapa" halina mwisho mwema: Hekalu lilitangulia msikiti, na msikiti ulikuwapo kwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya tume kufika. Tume ilisimulia historia yote hiyo katika ripoti yake, kwa heshima, kisha haikuitumia kama mizani. Iliuliza maswali mawili ya chini zaidi: hati zinaonyesha mali ni ya nani, na watu wamekuwa wakifanya nini hapa kwa muda mrefu? Maswali hayo yana majibu.

Pili, kushuka hadi kwenye beseni na kasha la taa. Wapo wanaoucheka uamuzi huu kwa kuhesabu meza. Mimi naona ndiyo sehemu yake bora. Askari wa zamu hawezi kusimamia "haki ya kuabudu", ila anaweza kusimamia kufuli na saa ya kulifunga. Kipengele cha mlango hakikumwomba yeyote abadili imani wala akubali hoja ya mwenzake.

Lakini kosa kubwa lilikuwa limeshafanyika miaka 8 kabla. Kazi iliyofanywa na tume kwa mwezi mmoja wa vikao mwaka 1930 ndiyo hasa kifungu cha 14 kilichoiagiza mwaka 1922. Mwaka ule pazia lilikuwa halijawekwa, hakukuwa na wafu wa Hebron, na Hajj Amin alikuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa Baraza. Serikali ilidhani kutoandika haki kunazuia ugomvi. Kinyume chake, kuliwafanya watu wazima wapime nguvu zao kwa fanicha, kwa kuwa kila kitu kipya kikikaa bila kuondolewa kingehesabiwa desturi. Katika mazingira hayo msimamizi wa wakfu aliyeogopa kiti hakuwa na kichaa, na muumini aliyetaka bibi kizee aketi wakati wa mfungo wa saa 25 hakuwa mvamizi. Mfumo ndio ulioigeuza haja ya mmoja kuwa tishio kwa mwingine.

Kuhusu siku ya pazia, nawalaumu zaidi walio juu. Ofisa alikuwa na maelekezo ya kulinda hali ya zamani na alifuata maelekezo. Alichokosa ni kalenda. Kuahirisha siku moja na kuandika barua kwamba pazia halitahesabiwa kuwa desturi kungetosha. Barua ya namna hiyo, inayosema "tunaliona, hatulikubali, na kukaa kwake leo hakumpi mtu haki", ni chombo chepesi na cha bei ndogo. Badala yake alitegemea ahadi ya mdomo ya mtumishi asiye na mamlaka juu ya kusanyiko, jioni ambayo utekelezaji wake ulikuwa haramu kidini.

Ruhusa ya ujenzi ya 1929 ni kosa la aina nyingine. Kisheria ushauri ulikuwa sahihi, na tume baadaye ilithibitisha umiliki huohuo. Ila mwenye haki akiruhusiwa kuitumia yote katikati ya shauri, mpinzani wake husoma kwamba shauri limekwisha. Kila matofali yaliyopandishwa yaliwapa nguvu vijana wa bendera dhidi ya marabi waliotaka mazungumzo, kama vile bendera ilivyowapa nguvu wahubiri wakali upande wa pili.

Kuna jambo ambalo tume haikuwa na uwezo wa kuligusa. Waislamu walisema mgogoro ni wa Uzayuni na si wa pazia, na katika hilo walikuwa na sehemu kubwa ya ukweli. Wayahudi walisema bila mahali hapa historia yao haina mlango, na katika hilo nao walikuwa na ukweli. Ushahidi mmoja uko karibu na kwetu. Mwaka 1903 Uingereza iliwapendekezea Wazayuni eneo la Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, bila kuwauliza wenyeji wake, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukalikataa. Walitaka nchi ile tu, iliyokuwa ndani ya sala zao. Bahati mbaya ni kwamba nayo, kama Uasin Gishu, ilikuwa na watu wake. Waarabu wa Palestina walikuwa wengi mno kuliko Wayahudi wakati huo, waliona wahamiaji wakiongezeka chini ya ulinzi wa bunduki za Uingereza, na walipotazama kinara cha taa ukutani waliona miaka 20 mbele. Hukumu juu ya matumizi ya kichochoro haiwezi kutuliza hofu ya kupoteza nchi, wala ile hofu nyingine ya Myahudi aliyetoka Urusi ya mauaji ya halaiki, kwamba hapatakuwa na mahali duniani ambapo haji kwa hisani.

Mwisho, wakazi. Katika mashahidi wote hao, mjadala ulikuwa juu ya ukuta ni wa nani na kichochoro ni cha nani. Wanaoishi ndani ya wakfu walionekana zaidi kama mali ya hoja za wengine. Ombi la kuwahamisha lilikuwamo kwenye meza mwaka 1930, kwa lugha ya upole, na ahadi ya majengo mbadala. Tume haikuliingiza katika hukumu yake. Haikulikubali, ila pia haikuandika kipengele chochote kinachosema kwamba watu hao wana haki ya kubaki hapo hata dola ikibadilika. Vipengele vilikuwapo vya taa, vya meza, vya punda na vya kufuli.